Kulea watoto wadogo Kamenge na kusafiri nao: gharama, karatasi na safari yenyewe

Makala hii ni kwa ajili yako ikiwa wewe ni mkimbizi au mwomba hifadhi unayeishi Kamenge, au kartiye za jirani kama Kinama na Cibitoke, na una mtoto wa chini ya miaka 5. Huenda unasubiri kuhamishiwa kambini, au kupelekwa nchi ya tatu. Huenda kwa sasa husubiri chochote, unalea tu. Vyovyote iwavyo, mtoto mdogo hubadilisha hesabu zote: za chakula, za karatasi na za safari.

Kama una dakika moja tu ya kusoma, soma hili. Kila mtoto anayelala nyumbani kwako ajulikane ofisini, kwa jina lake la kweli na kwa uhusiano wake wa kweli na wewe, mapema iwezekanavyo. Gharama nyingine za mtoto zinaweza kupunguzwa, kukopwa au kuahirishwa. Mtoto ambaye hakutajwa anaweza kubaki Bujumbura siku ambayo wengine mnaondoka.

Majirani

Watu walio mbali wakisikia jina la Kamenge hukumbuka vita. Wana sababu. Mwaka 1995 jeshi liliingia hapa, nyumba zikabomolewa, na wakazi wakakimbia, wengi wao kuelekea Uvira katika nchi ambayo wakati huo bado iliitwa Zaire, watoto wakiwa mgongoni. Wengi walirudi baadaye. Kwa hiyo jirani yako Mrundi wa miaka 50 au 60, pale Heha au Mirango, huenda anajua vizuri kuliko unavyodhani maana ya kufika mahali na watoto wawili na sufuria moja. Usione haya kumwomba akuonyeshe kituo cha afya, au akuelekeze kwa shefu wa kartiye.

Ukijifungua hapa utaona Warundi wanakuja na chakula, sabuni, kinywaji, hata pesa kidogo. Wanaita guhemba, kumpongeza aliyezaa. Mama wengi wa Kikongomani wanasema hapo ndipo walipoanza kujisikia wana watu. Ukiletewa, pokea, na uweke akilini ni nani alikuja, kwa sababu zamu yako ya kwenda kwao itafika.

Kiswahili kinatosha kwa mambo mengi ya sokoni na mtaani. Kirundi ni cha ofisini na shuleni, pamoja na Kifaransa. Mtoto wako atakipata kwa miezi michache akicheza nje, na kabla hujajua atakuwa anakusahihisha. Ni furaha ya kweli, na pia ni msaada, lakini usimtumie mtoto wa miaka 6 kuwa mkalimani wako mbele ya daktari au afisa wa mahojiano. Una haki ya kuomba mkalimani mtu mzima. Mtoto huyo atasikia mambo ambayo hakupaswa kusikia, na anaweza kukosea neno moja likabadilisha faili.

Siku 15 za kwanza

Mtoto akizaliwa Burundi, sheria inataka kuzaliwa kwake kuandikishwe komine ndani ya siku 15. Kwa wakazi wa Kamenge komine ni Ntahangwa. Nenda na karatasi uliyopewa mahali ulipojifungulia, kitambulisho chako au kadi ya ukimbizi, na mashahidi wawili. Haki hii ni ya kila mtoto aliyezaliwa nchini, awe wa Mrundi au wa mkimbizi. Ukipita muda huo bado inawezekana, ila njia inakuwa ndefu zaidi na yenye gharama, na mara nyingi wazazi hukata tamaa katikati.

Wazazi huuliza: cheti hiki kinamfanya mtoto kuwa Mrundi? Hapana. Kwa sheria ya Burundi ya mwaka 2000, uraia hupitia zaidi kwa baba, na kuzaliwa tu ndani ya nchi hakutoshi. Cheti kinathibitisha mtoto alizaliwa lini, wapi, na kwa nani. Hilo ndilo litakaloulizwa na kila ofisi utakayopita, kuanzia shule ya msingi hadi ubalozi. Ikiwa mama ni Mrundi na baba ni Mkongomani, hali ambayo ni ya kawaida kabisa Kamenge, usiache kuandikisha kwa kufikiri kwamba uraia wa mama unatosha. Sheria ya Kongo ya mwaka 2004 inamtambua mtoto kupitia mzazi yeyote kati ya wawili, lakini bila cheti hutaweza kuonyesha mzazi huyo ni nani.

Baada ya komine, nenda na cheti kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, ONPRA, ili mtoto aongezwe kwenye karatasi za familia. Hizi ni hatua mbili tofauti. Wazazi wengi hufanya ya kwanza na kudhani ya pili inafuata yenyewe. Haifuati.

Piga picha ya kila karatasi kwa simu, na umtumie ndugu mmoja unayemwamini. Nyumba za Kamenge hujaa maji mvua zikizidi, na karatasi iliyolowa haisomeki.

Pesa inakokwenda

Tangu Mei 2006 serikali ya Burundi imeondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Anzia kituo cha afya cha karibu, sio hospitali kubwa. Hospitali ya chuo kikuu, ambayo wote wanaijua kwa jina la Roi Khaled, iko hapo hapo Kamenge, na kwa kuwa iko karibu wazazi hukimbilia huko mtoto akiwa na homa ya kawaida. Ni vizuri zaidi ufike huko ukiwa umetumwa na kituo cha afya, isipokuwa kama ni dharura: mtoto anapumua kwa shida, ana degedege, hawezi kunyonya, au amelegea haamki. Hapo usisubiri karatasi ya mtu.

Neno “bure” lina mipaka. Dawa ikiisha kituoni utaelekezwa famasi, na hapo utalipa. Weka akiba ndogo kwa ajili hiyo, hata kama ni sarafu chache kwa wiki katika kikundi cha kuweka na kukopa.

Chanjo ni bure na zina ratiba: akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Kadi ya chanjo ni karatasi ya pili kwa thamani baada ya cheti cha kuzaliwa. Tutairudia mwishoni.

Kuhusu chakula, mgao wa kila mwezi hutolewa kambini. Ukiamua kuishi mjini unatarajiwa kujitegemea. Hii ndiyo bei halisi ya kuishi Kamenge na watoto, na kila mzazi huipima mwenyewe: mjini kuna kazi ndogo ndogo, shule, hospitali na watu wa lugha yako, kambini kuna mgao na hakuna kodi ya nyumba. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, bila maji wala uji. Baada ya hapo ndipo gharama zinaanza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–17 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Burundi wamedumaa, na uji mtupu wa kila siku ni sababu mojawapo. Uji wa sosoma, yaani soya, mtama na mahindi, ni bora kuliko unga wa muhogo peke yake. Ndagala kidogo zilizosagwa ndani ya maharage ya mtoto hufanya kazi kubwa kuliko ndagala nyingi kwenye sahani ya baba mara moja kwa mwezi. Zikiwa ghali, mayai mawili kwa wiki, lengalenga na parachichi vinasaidia.

Halafu kuna nauli. Tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji haziruhusiwi kuingia katikati ya mji. Ukitoka Kamenge na watoto wawili kwenda kwenye miadi mjini, utashushwa mpakani mwa eneo hilo na kuendelea kwa miguu au kutafuta basi. Mafuta yakiadimika, kama ilivyotokea mara nyingi miaka hii, foleni ya basi huchukua saa nzima au zaidi. Ukiwa na miadi ya saa 2 asubuhi, ondoka kama mtu mwenye miadi ya saa 12. Mtoto anayenyonya nenda naye. Wa miaka 3 au 4 mwache kwa jirani kama hakuitwa kwa jina. Kama aliitwa, lazima afike, hata akiwa amelala begani.

“Mtoto wangu” ni nani?

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu ndiyo inayoharibu mafaili mengi kuliko njaa au ugonjwa.

Kwetu, mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu. Mdogo wa mama ni mama mdogo, na kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Mtoto akiwa amelelewa na shangazi tangu wiki ya tatu baada ya mama yake kuuawa, hakuna anayemwita “mtoto wa marehemu” kila asubuhi. Anaitwa mwanangu, na anaitika. Hakuna uongo hapo. Ni adabu, na ni upendo.

Afisa wa mahojiano anauliza neno hilo hilo akiwa na maana nyembamba. Akisema “mtoto wako” anamaanisha uliyemzaa, au uliyepewa na mahakama. Ukijibu “ndiyo, huyu ni mtoto wangu wa nne” kwa maana ya nyumbani, yeye anaandika kwa maana ya ofisini. Miaka miwili baadaye, mahojiano ya pili yanaonyesha kwamba mtoto wa tatu na wa nne wamepishana miezi mitano. Sasa neno la upendo limeandikwa kama udanganyifu.

Hili lilishawahi kufunga mlango kwa maelfu ya watu. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima DNA za watu walioomba kuungana na ndugu zao, ikianzia Nairobi na kuendelea katika nchi nyingine za Afrika. Katika familia nyingi haikuwezekana kuthibitisha uhusiano wote uliokuwa umeandikwa. Programu hiyo ikasimamishwa mwaka huo huo, na haikufunguliwa tena hadi 2012. Kati ya walioathirika wako waliodanganya kwa kusudi. Lakini wako pia, na sidhani ni wachache, waliosema “mwanangu” kama wanavyosema kila siku.

Kwa hiyo sema hivi: “Huyu namlea mimi. Mama yake alikuwa dada yangu, tumbo moja. Alifariki mwaka fulani, mahali fulani. Baba yake hajulikani alipo.” Kusema hivyo hakumfanyi mtoto apoteze nafasi yake. HCR ina utaratibu wa kuangalia maslahi ya mtoto aliyetengana na wazazi wake, na nchi zinazopokea wakimbizi zina njia ya kumchukua mtoto pamoja na mlezi wake. Utaratibu huo unachukua miezi. Ndiyo sababu unatakiwa kuanza mapema, kabla tarehe ya safari haijatajwa.

Kama baba au mama wa mtoto yu hai lakini hayupo nanyi, utaulizwa ridhaa yake. Mkiwa mmeachana na mnaongea, andikeni ridhaa mapema, mbele ya ofisi husika. Kama amefariki, tafuta cheti cha kifo au maelezo ya mashahidi. Kama alipotea vitani, eleza kwa tarehe na majina ya mahali kadiri unavyokumbuka. Usijaze nafasi iliyo wazi kwa kubuni.

Na mtoto mwenyewe? Mara nyingi afisa huzungumza na mtoto wa miaka 6 au 7. Kama hajui kwamba mama aliyemzaa ni marehemu, asijulishwe kwenye chumba cha mahojiano. Mwambie nyumbani, siku ya utulivu, kwa maneno mafupi. Anaweza kulia, na anaweza pia kuuliza tu kama bado utampikia kesho.

Ametokea mwingine faili likiwa njiani

Mafaili huchukua miaka, na watu wanaendelea kuishi. Wanaoa, wanazaa. Kuna uvumi wa muda mrefu mtaani kwamba ukitaja mimba au mtoto mpya faili litarudishwa mwanzo, kwa hiyo ni afadhali kunyamaza. Uvumi huu una kipande cha ukweli: safari inaweza kusogezwa mbele. Mtoto mchanga anahitaji cheti, picha, uchunguzi wa afya na kibali chake. Uchunguzi wa afya wa familia nao una muda, mara nyingi miezi 6, na ukiisha mnapimwa tena.

Lakini linganisha na upande wa pili. Kwa Canada, mwanafamilia ambaye hakutajwa wala kupimwa kabla hamjaondoka anaweza kuzuiwa asidhaminiwe baadaye kama ndugu yenu. Aliyetajwa lakini akabaki ana mlango mwingine: ombi lake linatakiwa kupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu mfike. Kwa Marekani, mkimbizi aliyefika alikuwa na miaka 2 ya kuomba mume, mke au watoto wake wamfuate. Milango yote hiyo inamtazama mtu aliyetajwa.

Ripoti mimba, ndoa, kuzaliwa na kifo mara tu vinapotokea. Omba uthibitisho kwamba umeripoti, hata kama ni tarehe na muhuri kwenye karatasi yako.

Huduma hizi hazilipiwi. Kuongeza mtoto kwenye faili, mahojiano, kupimwa afya kwa ajili ya kuhamishwa, kujulishwa tarehe, vyote havina bei. Anayekuambia kwa pesa kidogo atamwingiza mtoto wako “kwenye kompyuta” anakuibia, na hasara yake ni zaidi ya pesa, kwa sababu jina lililoingizwa kwa njia hiyo likigunduliwa huwaangusha wote walio kwenye faili.

Nauli ya mtoto nani analipa?

Inategemea nchi. Wanaokwenda Australia kwa viza ya mkimbizi hulipiwa na serikali ya huko. Canada kwa kawaida hukopesha nauli. Tangu 2018 mikopo mipya haina riba, na kulipa kunaanza mwaka 1 baada ya kufika. Marekani nayo ilikuwa inakopesha bila riba kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, OIM, na kulipa kunaanza baada ya miezi 6. Tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha kwa kiasi kikubwa upokeaji wa wakimbizi, kwa hiyo familia nyingi za hapa zilizokuwa zimepimwa na kufungasha zimebaki zikisubiri. Ikiwa wewe ni mmoja wao, usiuze kila kitu tena kwa kusikia habari za simu. Subiri kuitwa na ofisi.

Nauli za watoto zimo ndani ya mkopo wa familia. Kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka 2 anayekaa mapajani hutozwa sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima, mara nyingi karibu sehemu 1 ya 10. Akitimiza miaka 2 anapata kiti chake na nauli yake. Familia yenye watoto watano huanza maisha mapya na deni linaloonekana kubwa kuliko la jirani asiye na mtoto. Usilisaini bila kuelewa. Uliza jumla ni kiasi gani, kwa mwezi ni kiasi gani, na ufanye nini mwezi ambao huna kazi. Watu huogopa kuuliza wakidhani wataonekana wakaidi. Hakuna aliyewahi kuzuiwa kusafiri kwa kuuliza bei.

Barabara ya kupanda

Safari ya kwanza ya wengi ni ya barabara, kwenda kambini. Bwagiriza na Nyankanda ziko upande wa Ruyigi, Kavumu upande wa Cankuzo, Gasorwe Muyinga, Musasa Ngozi, na Musenyi upande wa Rutana. Barabara ya kutoka mjini kuelekea Gitega inapandia Bugarama.

Bujumbura iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000, na unafika huko kwa mwendo mfupi wenye kona nyingi. Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa hajawahi kuona baridi ile. Mvalishe soksi, kofia na sweta kabla ya kupanda gari, si baada ya kuanza kutetemeka. Usimpe maziwa mengi asubuhi hiyo. Mpe kidogo kidogo, na uwe na mifuko mitatu ya plastiki na kitambaa chenye maji, kwa sababu akitapika mmoja wote wanafuata. Gari likisimama Bugarama utaona karoti na kabichi zimepangwa kando ya barabara kama ukuta. Mnunulie karoti. Mtoto anayetafuna halii.

Watoto wanaipenda safari hii kuliko wazazi. Wewe unahesabu mizigo, yeye anahesabu ng'ombe. Mruhusu akae dirishani.

Mbele ya ndege

Kama umepewa tarehe ya kuruka, OIM itawapa mafunzo kabla ya safari na mtapimwa tena siku za mwisho. Mtoto mwenye homa, harara au kuharisha anaweza kuahirishiwa safari, na familia huahirishwa pamoja naye. Wazazi wengine humpa dawa ya kushusha homa asubuhi ya kupimwa ili apite. Usifanye hivyo. Ndani ya ndege hakuna Roi Khaled.

Mama mjamzito aseme umri wa mimba. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia karibu wiki ya 28, na hayampokei aliyepita wiki ya 36.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Hesabu siku hizo vizuri. Tangu 2016 cheti hicho hakiishi muda, kwa hiyo cha mtoto kitamfaa hadi uzeeni kama hukukipoteza.

Mkoba wa OIM wenye karatasi haufungwi ndani ya sanduku wala haumwachii mtoto. Unakaa shingoni mwa mtu mzima mmoja, yule yule, kuanzia uwanja wa Melchior Ndadaye hadi mlango wa mwisho. Katika begi la mkononi weka nepi au vitambaa vya siku mbili, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto na moja yako, sukari-chumvi ya paketi, na biskuti zisizobomoka sana. Maziwa au uji wa mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi hata kama vinywaji vingine vinazuiwa. Vitoe na uvionyeshe.

Wengi hupitia Addis Ababa, mji ulio mita 2,300 hivi juu, na mara nyingi kungoja ndege nyingine ni usiku. Ile kitenge ya kubebea mtoto ndiyo blanketi yako, ndiyo pazia la kunyonyeshea, na ndiyo kitanda sakafuni. Usiifungashe. Ndege ikianza kushuka, mnyonyeshe mtoto au mpe kitu cha kumeza, kwa sababu masikio yanauma na kumeza kunayafungua. Kwa wakubwa kidogo, mfundishe nyumbani kutumia choo cha kukaa na kufunga mkanda. Mchezo wa “rubani” kwa viti viwili vya plastiki na kamba, wiki moja kabla, huondoa vilio vingi. Atakusumbua kwa mchezo huo hadi siku ya kuondoka.

Ukifika

Hutaruhusiwa kumpakata mtoto ndani ya gari. Canada, Marekani na Australia zote zinataka mtoto mdogo awe na kiti chake maalumu, kuanzia safari ya uwanja wa ndege kwenda nyumbani. Anayewapokea anatakiwa kuja nacho, lakini taja umri na uzito wa kila mtoto kabla hamjaondoka ili alete idadi kamili. Mtoto akilia kwa kufungwa mwenyewe nyuma, mwimbie. Usimfungue.

Kule hakuna jirani wa kumwachia mtoto kwa kusema tu “nakuja sasa hivi”. Kumwacha wa miaka 4 peke yake nyumbani, au na kaka wa miaka 8, kunaweza kuleta polisi au maafisa wa watoto mlangoni. Uliza sheria ya mji wako wiki ya kwanza. Endelea kuongea Kiswahili naye ndani ya nyumba. Lugha mpya ataipata shuleni kama alivyopata Kirundi mtaani.

Na ile kadi ya chanjo: shule au chekechea itaiomba siku ya kuandikisha. Kama mtoto hana, mara nyingi huchomwa upya chanjo ambazo alikwisha kuzipata, moja baada ya nyingine. Iweke kwenye mkoba ule ule wenye cheti chake cha Ntahangwa.